Bomba la Namkumbi na Wanawake wa Mteremkoni

Siku ya kuniaga pale idara ya maji, kijana mmoja wa karakana alisimama akasema kwamba Mama Somoe ni mtu mpole, miaka yote hakumsikia akigombana na mtu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikala pilau yangu nikanyamaza, maana si adabu kumkosoa anayekusifu huku umeshika sahani yake. Lakini huu ni mwezi wa pili niko nyumbani Mikindani na maneno yale bado yamenikaa kooni. Sikuwa mpole hata kidogo. Nilikuwa na hasira isiyokuwa na pa kwenda, nikaifungia kwenye sanduku la spana, nikawa naibeba nayo kila siku. Nyinyi mliobaki kazini mliniomba niwaandikie habari za zamani. Haya, nawaandikia, ila msitegemee habari za vyeo. Nitawaeleza mabomba, na kijiji kimoja cha mlimani ambacho hapa nitakiita Namkumbi.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, fundi bomba mwenye cheti, mwanamke peke yangu karakana nzima. Siku ya kwanza mkuu wa karakana alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akaniuliza kama najua kupika chai. Nikamjibu najua. Nikaipika, nikaitia chumvi badala ya sukari, nikawagawia wote kwa heshima zote. Sikutumwa chai tena. Wiki iliyofuata nikapangiwa kituo cha mbali, kwenye nyumba ya pampu bondeni, upande wa Mto Ruvuma, na mpaka leo naamini ile chai ilichangia.

Huko nilimkuta Mzee Chilumba, mwendesha pampu, Mmakonde wa zamani mwenye chale usoni na maneno machache. Hakuniuliza cheti. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye mgongo wa pampu na mpini wake sikioni, kisha nimweleze ninachosikia. Nikasema nasikia kelele. Akasema basi endelea kusikiliza mpaka isiwe kelele. Nilikaa hivyo karibu asubuhi nzima, na mwishowe kweli nikaanza kutenganisha mlio wa maji, mlio wa injini, na mkwaruzo mdogo wa beringi iliyokuwa inakwisha. Ndivyo alivyofundisha. Kukata nyuzi za bomba kwa dai, kile chuma cha kuchongea nyuzi, kuzungushia katani na kupaka rangi ili kiungo kisivuje, kufunga valvu taratibu ili maji yasirudi kwa kishindo na kupasua bomba kuu, yote nilijifunza kwake. Niliyoyasoma chuoni yalikuwa kweli, lakini chuoni bomba lilikuwa limelala juu ya meza.

Sasa niwaeleze nchi ile, maana wengi wenu mmeiona kwa dirisha la gari tu. Ukitoka huku pwani ardhi inapanda polepole, mikorosho na mihogo, mikorosho na mihogo, hata hujui kama unapanda. Unafika juu unakuta tambarare. Unatembea juu ya tambarare hiyo mpaka ghafla nchi inakatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Huko juu ardhi ni mchanga mwekundu. Mvua ikinyesha inanywewa hapo hapo. Hakuna kijito, hakuna chemchemi, na ukichimba kisima utachimba mpaka wajukuu zako waje kukusaidia. Maji yote yanatokea chini, kwenye vitako vya mlima.

Nilipokuwa mgeni niliona ni upumbavu watu kujenga mahali kama pale. Bibi Asumini ndiye aliyenitoa ujinga. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Namkumbi, na kila nilipopanda kukagua tangi nililala kwake. Alinieleza kwamba wazee wake waliishi bondeni, kwenye maji na mpunga. Wakaja Wangoni na mikuki, wakaja wafanyabiashara wa watumwa na minyororo, na bondeni hakuna pa kujificha. Wakapanda juu, wakaingia kwenye vichaka vilivyosongamana kiasi kwamba mtu mgeni hapiti bila panga. Waliona heri kiu kuliko mnyororo. Ila aliyelipa hiyo kiu ni mwanamke, kwa sababu yeye ndiye aliyeshuka na mtungi kila alfajiri, enzi zile na hata wakati niliokuwa nazungumza naye.

Miaka ya sabini walikusanywa tena, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Nyumba zikasogea mahali ambapo zamani palikuwa pori la ukoo. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililokuja kutuvuruga.

Na jambo la pili la kushika ni hili. Kwa Wamakonde wa kule mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe. Anajenga kwenye ardhi ya watu, analima ardhi ya watu, na mambo makubwa ya ardhi hiyo si yake kuyasemea. Msemaji ni mjomba, kaka yake mwanamke, ambaye naye ameoa kijiji kingine na anaishi huko. Kwa hiyo ukifika Namkumbi ukawaita wanaume wa kijiji, unaowaita ni waoaji. Wenyewe wako mbali. Mimi ni mtu wa pwani, sikuyajua hayo nilipoanza, lakini ukilala kwenye nyumba ya mtu unaelewa kidogo kidogo.

Maji yenyewe wakati huo yaliishia kwenye tangi la zahanati, na kila mara pampu ilikuwa mbovu au dizeli haipo. Wanawake wa Namkumbi walishuka mteremko kwenda kwenye kisima kilichokuwa ubavuni mwa nyumba yetu ya pampu. Bomba kuu lilipanda mlima sambamba na njia yao, juu ya vitako vya saruji, na wakati wa kupanda walilishika kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ndoo kichwani. Lilikuwa limesuguliwa na viganja vyao likang'aa. Maji ndani yake yanakwenda juu, na wao nje yake wanakwenda juu na maji kichwani. Mzee Chilumba aliwatazama siku moja akatema mate, akarudi ndani.

Kati ya wasichana wale alikuwapo Mwanahawa, mjukuu wa Bibi Asumini. Nilimjua akiwa mtoto wa shule anayeniuliza maswali mengi kuhusu spana zangu. Alitaka kujua kama kazi ile anaweza kuifanya mtu aliyefeli hesabu. Nikamwambia karakana imejaa watu waliofeli hesabu. Baadaye akaolewa, mume akahamia kwao kama desturi, akazaa mtoto wa kwanza, na aliendelea kushuka.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza ukaja mradi. Pampu mpya, mota ya umeme, tangi kubwa, na kituo cha kuchotea maji katika kila kijiji cha ukingoni. Aliyeusimamia alikuwa mhandisi kijana kutoka mkoa mwingine. Jina lake silitaji, na msinisifu kwa hilo, ni kwa kuwa bado tunasalimiana. Na nitamtendea haki: kwa hesabu za maji alikuwa hodari. Pampu aliyoichagua mpaka leo inafanya kazi. Siku maji yalipofika tangini kwa mara ya kwanza, Mzee Chilumba alimpa mkono, na yule mzee hakuwa mtu wa kugawa mikono ovyo.

Kisha akaitisha mkutano Namkumbi kuchagua mahali pa kituo. Aliita wakuu wa kaya. Wakaja waume, wakakaa mbele kwenye viti vya shule. Wanawake wakakaa nyuma chini. Mhandisi akasema ameshakagua, ameona uwanja mzuri kichwani mwa kijiji, tambarare, hauna mkorosho hata mmoja, kwa hiyo hakuna wa kumlipa fidia. Akauliza kama kuna mwenye neno. Waume wakatazamana. Mmoja akasema panafaa, wengine wakaitikia panafaa. Mkwe gani atasimama ugenini abishane kuhusu ardhi ya wakwe zake? Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikawaona wanawake wote wameinamisha vichwa kwa pamoja, nikajua pana neno.

Jiulizeni na nyinyi. Kijiji ambacho watu wanagombania kila kipande cha kupanda mkorosho, kiwe na uwanja mzima mtupu kando ya barabara, na hakuna anayeugusa. Mhandisi aliona bahati.

Alasiri nilikaa na Bibi Asumini tukimenya mihogo, nikamuuliza. Akaendelea kumenya. Nikamuuliza tena.

"Pale ntu mke hapiti, mwanangu," akasema. "Na kwa nini hapiti, si neno la kusemwa na ntu mke."

Nikakumbuka kwamba hata njia yao ya kwenda kisimani ilizunguka uwanja ule kwa mbali, ikaongeza mwendo bure. Nikashuka kwa Mzee Chilumba. Alisikiliza, akafuta mikono kwenye kitambaa chake kwa muda mrefu. Akaniambia kwamba kuna mambo fundi mwanamke haulizi na fundi mwanamume hajibu, lakini niliyoyaona niliyaona sawa, na pale maji hayatatekwa. Alichokificha kwa adabu nilikielewa. Uwanja ule ulikuwa mahali pa likumbi, kibanda cha jando cha ukoo ule, kinachochomwa moto wavulana wakishatoka. Mwanamke hakanyagi pale, hata kibanda kiwe kimekuwa jivu tangu enzi za babu. Wanaume waliotahiriwa pale walikuwa wameshaoa vijiji vingine. Waliokaa kwenye viti vya shule walitahiriwa makwao, hawakujua.

Nikaenda kwa Mhandisi, nikamwambia wanawake hawapiti pale.

"Hawapiti kwa sababu hapana maji," akanijibu. "Maji yakifika watapita."

Mzee Chilumba naye akamfuata faraghani, mwanamume kwa mwanamume, akamweleza yale ambayo mimi sikustahili kuelezwa. Alirudi na uso umemshuka. Aliambiwa kwamba mradi haujengwi kwa ajili ya mila potofu. Asiyejua maana haambiwi maana, mzee akanung'unika, na akaenda kuchimba mtaro alioagizwa kuchimba. Nami nilikata nyuzi za mabomba yale. Kila kiungo nilikifunga vizuri, hakikuvuja, nikiwa nimeuma meno.

Siku ya ufunguzi alikuja mgeni rasmi. Kulikuwa na utepe, maturubai na ngoma. Mabomba matatu yakafunguliwa, maji yakamwagika kwa nguvu, meupe, masafi. Mwanamke hata mmoja hakusogea. Walisimama ng'ambo ya barabara na ndoo zao tupu, maana waliamriwa waje na ndoo. Mpiga picha akaanza kuhangaika. Mwishowe wakaombwa walimu wawili wa kike, wageni wa pale, watwike ndoo na kutabasamu. Ndiyo picha iliyotundikwa ofisini, mmeiona wote. Na baadaye ikasemwa kikaoni kwamba wananchi wa Namkumbi hawana mwamko. Hawana mwamko! Watu wanaoamka alfajiri kabla ya jogoo kushuka mlima, halafu unawaambia hawana mwamko. Niliomba ruhusa nikatoka nje, nikapiga tairi la gari teke, nikaumia kidole.

Mtaniuliza kwa nini wanaume hawakuteka. Nami niliwauliza. Wachache wenye baiskeli waliteka mwanzoni. Wengine walisema ndoo si kazi yao, na hao nao wamo kwenye hasira yangu, ina nafasi ya kutosha. Nikaamua kumtafuta mjomba, msemaji wa ardhi ile. Kaka yake Bibi Asumini, Mjomba Nandule, alikuwa ameoa kijiji cha Mtawanya, akiuza samaki wakavu huko. Nilipomweleza kilichojengwa alikaa chini kwenye gunia. Kesho yake tulipanda naye Namkumbi, akakiona kituo kwa macho yake, kisha akaenda kumwona Mhandisi, nami nikiwapo. Alizungumza kwa upole kabisa. Alisema mahali pale ni pa wazee wao na hapawezi kugeuzwa kwa saini. Hawakatai maji. Dada yake anatoa ardhi ng'ambo ya barabara, penye mikorosho yake miwili, hata ikikatwa hataki kitu. Kinachotakiwa ni kuvusha bomba barabara tu.

"Mzee, mradi umeshakabidhiwa," Mhandisi akasema. "Nikikihamisha kituo, ni kama nimekubali kwamba kilikosewa."

"Kilikosewa," Mjomba akamjibu.

Badala ya kumjibu Mjomba, Mhandisi alinigeukia mimi. Alitaka kujua ni nani aliyenituma kuita watu wa nje kuja kuchochea wananchi. Siku hiyo hiyo stoo ya mabomba ikafungwa kufuli jipya, ufunguo ukakaa mfukoni mwake, na mimi nikaonywa kwamba nikigusa kituo kile bila amri yake sina kazi. Hata wale wenye baiskeli waliposikia maneno ya Mjomba waliacha kuteka. Mbuzi tu ndio waliobaki kunywa kwenye kitako cha saruji.

Masika yalipoanza, mteremko ukawa utelezi mtupu. Mwanahawa alikuwa na mimba ya pili, imekua. Niliwahi kumkuta kisimani nikamwambia atume mtu mwingine. Akacheka, akasema atamtuma nani, bibi yake? Siku chache baadaye aliteleza karibu na juu kabisa, mahali ambapo ukigeuza shingo unakiona kituo. Walimbeba kwa kitanda kwenda zahanati, na kutoka zahanati kuelekea hospitali, akivuja damu njia nzima. Hakufika. Walikufa njiani, yeye na mtoto wa tumboni, wote wawili.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa nyumba ya pampu. Mota inavuma, maji yanapanda. Nikasikia nyayo za wanawake wakija chini, hawasemi kama kawaida yao, nyuso zimevimba. Walikuja kuteka maji ya kumwoshea maiti. Mabomba matatu ya maji yalikuwa huko huko kijijini kwao, karibu na nyumba ya msiba kuliko msikiti, na wao walishuka mteremko ule ule uliomuua kwenda kumletea maji. Wakajaza ndoo, wakalishika bomba letu, wakapanda. Nilitaka kuzima ile mota. Mzee Chilumba alinishika mkono akasema hata ukiizima, njia yao haitafupika.

Mhandisi alikuja mazikoni. Simnyimi hilo. Alikaa mkekani na wanaume, kofia mkononi. Baada ya kuzika, chakula kilipotengwa, kijana alikuwa anapita na birika na beseni kunawisha watu. Alipomkaribia Mhandisi, Bibi Asumini alitoka upande wa wanawake, akamchukulia kijana birika mikononi. Si kawaida mama wa umri ule, tena mfiwa, kuwanawisha wageni. Akamwinamia, akammiminia.

"Nawa, baba."

Mhandisi akanawa, akamshukuru, akampa pole.

"Haya ni maji ya bondeni," Bibi Asumini akasema. "Ndiyo tuliyomwoshea."

Akamrudishia kijana birika, akaenda zake ndani. Mhandisi alibaki ameinua mikono, imelowa, hajui aifute wapi. Wali wake haukuguswa. Walipoanza kutawanyika alimwendea Mzee Chilumba penye gari, akampa ufunguo wa stoo, akasema, "Hamisheni." Hakukuwa na kikao, wala saini, wala mgeni rasmi.

Kesho yake tulikwenda mapema, mimi, Mzee Chilumba na vibarua wa kijijini. Mjomba Nandule aliukata mkorosho mmoja wa dada yake mwenyewe, wa pili haukuwa na haja. Tukafunga valvu ya tangini, tukakata bomba, tukachimba mtaro kuvuka barabara, mchanga ule mwekundu ukatuporomokea mara mbili. Nikakata nyuzi, nikazungusha katani, nikapaka rangi. Tukazika, tukasimamisha mabomba matatu upande wa pili. Jua lilikuwa halijafika utosini Mzee Chilumba alipofungua valvu, maji yakatoka kwanza mekundu, kisha yakasafika.

Wanawake wakaja, safari hii bila kuitwa. Hawakupiga vigelegele, maana tanga lilikuwa bado halijaondolewa. Walipanga ndoo zao wakateka kwa zamu. Bibi Asumini alikuja wa mwisho. Aliweka ndoo yake chini ya bomba, akaitazama ikijaa. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kile kitako cha saruji, akautazama mtaro wetu uliofukiwa, mfupi kama ulivyo, na spana zangu zilizokuwa bado zimelala juu ya gunia.

"Fundi," akaniuliza, "ilikuwa kazi hii tu?"

Nikamjibu ndiyo, bibi, ilikuwa kazi hii tu.

Akatwika ndoo yake, akaenda nyumbani.